Sindano ya mapafu ya mtoto njiti: kwa nini ilianza kwa kondoo

Mama anapofika wodini na uchungu wa mapema, mimba ikiwa na wiki 30 hivi, huenda akaambiwa atachomwa sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto. Hapo mama, au bibi aliyemsindikiza, huuliza: "Nesi, si tunasikia dawa hizi zinajaribiwa kwa wanyama? Mtoto wetu ni mnyama?"

Swali hilo ni halali, na una haki ya kujibiwa kabla ya kukubali. Ukurasa huu unaeleza sindano hiyo ilitoka wapi, wanyama walihusikaje, na wewe ufanye nini ili ikusaidie.

Mapafu ya mtoto njiti yana shida gani?

Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo sana vya hewa. Ili visinywee kila mtoto anapotoa pumzi, hupakwa kwa ndani utando laini ambao mapafu yenyewe huutengeneza. Utando huo huwa wa kutosha mimba inapokaribia kutimia.

Mtoto akizaliwa mapema mno, utando ni kidogo. Vifuko hunywea na kushikana, na mtoto hutumia nguvu nyingi kwa kila pumzi. Utaona pua inatanuka, mbavu zinaingia ndani, na utamsikia anaguna. Mwaka 1959, watafiti Mary Ellen Avery na Jere Mead wa Marekani walionyesha kwamba watoto waliofariki kwa shida hii walipungukiwa na utando huo.

Kwa nini kondoo?

Hakuna mtafiti anayeruhusiwa kufungua tumbo la mama ili atazame mapafu ya mtoto yanavyokua. Kwa hiyo hutumika mnyama ambaye kiungo kinachochunguzwa hufanya kazi karibu sawa na cha binadamu. Huyo huitwa mnyama wa mfano. Panya hutumika sana kwa sababu ni mdogo na huzaa haraka. Kwa mambo ya ujauzito, kondoo ana faida yake: kwa kawaida hubeba mtoto mmoja au wawili, na mwanakondoo aliye tumboni ni mkubwa kiasi cha kuweza kuchunguzwa vizuri.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko Auckland, Nyuzilandi, daktari wa wanawake Graham Liggins alikuwa anatafuta jambo jingine kabisa: ni nini huanzisha uchungu? Aliwapa wanakondoo walio tumboni homoni za jamii ya steroidi, nao wakazaliwa kabla ya wakati. Kwa umri wao, walitarajiwa kufa mara moja. Lakini mmoja alikutwa bado anapumua, na mapafu yake yalipochunguzwa yalikuwa yameingia hewa. Dawa ilikuwa imeyakomaza. Liggins alichapisha matokeo hayo mwaka 1969.

Je, kufanya kazi kwa kondoo kunatosha?

Hapana. Mnyama hutuonyesha pa kuanzia tu. Dawa ya thalidomidi ni fundisho kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ilionekana salama kwa panya, na wajawazito wa nchi nyingi wakaitumia kutuliza kichefuchefu na kupata usingizi. Watoto zaidi ya 10,000 walizaliwa na ulemavu, wengi wao wakiwa na mikono au miguu mifupi. Dawa haikuwa imepimwa ipasavyo kwa wanyama wenye mimba, na baadaye ilionekana kwamba mimba ya panya haidhuriwi na dawa hiyo kwa urahisi kama ya binadamu.

Ndiyo maana, baada ya kondoo, Liggins na daktari wa watoto Ross Howie waliipima steroidi kwa mama 282 waliokuwa katika hatari ya kujifungua mapema. Wengine walipata dawa, wengine hawakuipata. Matokeo yalitoka mwaka 1972. Kwa mama ambao uchungu ulianza wenyewe, watoto wapatao 26 kati ya 100 walipata shida ya kupumua pale ambapo dawa haikutolewa. Ilipotolewa, walikuwa 9. Vifo vya siku za mwanzo vilishuka kutoka 15 hadi 3 kwa kila watoto 100.

Na kwetu je?

Kilichofaa hospitali kubwa ya Auckland kilihitaji kupimwa pia katika mazingira yetu. Utafiti mmoja mkubwa katika nchi 6, Kenya ikiwemo, ulitoa matokeo yake mwaka 2014. Ulipojaribu kueneza sindano hii hadi vituo vidogo, vifo vya watoto kwa jumla viliongezeka badala ya kupungua, na mama wengi zaidi walishukiwa kuwa na maambukizi. Wengi waliochomwa hawakujifungua njiti, na si kila mahali palikuwa na huduma ya kumtunza mtoto njiti.

Utafiti mwingine ulifanyika katika hospitali 29 za Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh, ambako umri wa mimba ulipimwa kwa ultrasaundi na huduma ya watoto njiti ilikuwepo. Ulihusisha wanawake 2,852, na matokeo yalitoka mwaka 2020. Kati ya kila watoto 1,000, walifariki 196 kwa waliopata dawa, na 235 kwa wasioipata.

Kwa hiyo, mama, sindano hii si majaribio juu yako. Imeshapimwa kwa mama kama wewe. Tena haina kitu cha kondoo ndani yake, hutengenezwa kiwandani. Lakini inasaidia ikitolewa kwa mama sahihi, kwa wakati sahihi, mahali penye huduma.

Hutolewa lini?

Shirika la Afya Duniani linashauri itolewe mimba ikiwa kati ya wiki 24 na 34, ikiwa kuna dalili kubwa za kujifungua ndani ya siku 7, umri wa mimba unajulikana, mama hana maambukizi, na kuna huduma ya uzazi na ya mtoto njiti. Dawa inayotumika sana ni deksamethasoni, mara nyingi sindano 4, moja kila baada ya saa 12.

Wewe ufanye nini?

- Anza kliniki mapema, na andika tarehe ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Ukipata nafasi ya ultrasaundi miezi ya mwanzo, itumie. Bila tarehe, muuguzi anakisia.
- Wahi hospitali, hata usiku, ukiona chupa imepasuka, damu inatoka, au tumbo linakaza na kuachia kabla ya wiki 37. Sindano inahitaji muda kufanya kazi.
- Sema kama una homa, uchafu wenye harufu mbaya ukeni, au kisukari. Dawa hii hupandisha sukari.
- Ukipewa rufaa, nenda. Nenda na kadi yako ya kliniki.
- Usinunue sindano hii dukani ili uchomwe nyumbani.
- Mtoto akizaliwa, mwombe muuguzi akuonyeshe kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi. Sindano haichukui nafasi ya joto lako na maziwa yako.

Na kama siku moja utaombwa kushiriki utafiti, lazima uelezwe kwa lugha unayoielewa na uulizwe kama unakubali. Ukikataa, unaendelea kupata matibabu yako kama kawaida. Usione aibu kuuliza: "Nesi, hii ni tiba au ni utafiti?"