Matumbawe ya Mafia na Swali la Aliyemo Ndani ya Mpaka

Nimekulia Unyambwa, Singida, ambako maji makubwa tuliyoyajua utotoni ni yale ya Ziwa Singidani, yenye chumvi. Pengine ndiyo sababu nilipovaa miwani ya maji na mrija wa kupumulia katika Ghuba ya Chole, visiwani Mafia, nilichelewa kutambua kwamba nilichokitazama hakikuwa mandhari tu, bali historia ya watu.

Wageni wengi huenda Mafia kupiga mbizi, au kuogelea na papa potwe karibu na Kilindoni. Wachache huvuka hadi Juani kuyaona magofu ya Kua. Nyumba na misikiti ya mji ule ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Madagaska waliuvamia, wakaua watu na kuchukua mateka. Kua haikuinuka tena. Chole ikashika nafasi yake. Mwaka 1915 Waingereza waliitumia Mafia kuiwinda Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyojificha katika delta ya Rufiji. Visiwa hivi, basi, havijapata kuwa pembezoni mwa dunia. Ni sisi wa bara tuliovisahau.

Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ilitungwa mwaka 1994, na mwaka uliofuata Mafia ikawa hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, yenye kilomita za mraba 822. Hapa pana somo. Mwaka 1959 serikali ya kikoloni iliwaondoa wafugaji wa Kimaasai Serengeti ili wanyama wabaki. Mafia, vijiji vilibaki ndani ya mpaka, na bahari ikagawanywa katika kanda: za kuhifadhiwa kabisa na za kuvuliwa kwa masharti. Hiyo ni hatua kubwa, na vita dhidi ya uvuvi wa baruti ilikuwa ya haki.

Lakini kubaki ndani ya mpaka si sawa na kuwa na kauli juu yake. Pale Chole nilimwamkia nahodha mmoja mzee. Alipoitikia, akaniuliza:

“Mwalimu, umeona samaki huko chini?”

“Wengi sana, mzee wangu.”

“Basi hao ndio tuliowaacha.”

Sikuwa na jibu. Mimi nilikuwa nimelipa kiingilio cha siku moja; yeye hulipa kila siku kwa kutotupa nyavu pale alipovua baba yake.

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, ombi langu ni dogo: hesabu za viingilio zisomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili chepesi, ili aliyewaacha samaki ajue amepata nini. Nanyi wanafunzi, mkifika Mafia, pigeni mbizi kwa furaha. Kisha vukeni hadi Kua.