Wiki Yenye Tano Mbili

Katika miaka yangu ya kufundisha historia nilikuwa na desturi ya kufungua muhula kwa swali moja: wiki yetu huanza siku gani? Wengine walijibu Jumapili. Waliozoea kengele ya shule walijibu Jumatatu. Ndipo nilipowaambia waisikilize lugha yenyewe. Jumamosi ni mosi, Jumapili ni ya pili, na kuendelea hadi Jumatano, ambayo ni ya tano. Inayofuata ni Alhamisi, neno la Waarabu, ambao huhesabu tangu Jumapili, na maana yake ni hiyo hiyo ya tano. Basi wiki ya Mswahili ina tano mbili kwa kuwa ina mianzo miwili, wala sijapata kusikia mtu aliyekosa mnada kwa sababu hiyo.

Saa nazo ni vivyo hivyo. Sisi tunahesabu tangu kunapopambazuka, ambapo kila mtu yu macho. Wazungu wanahesabu tangu usiku wa manane, wakati hakuna wa kushuhudia ila bundi.

Ushahidi ndio jambo lenyewe. Bibi yangu hakuanza kusimulia kwa kusema tu "hadithi, hadithi". Alingoja tuitikie "hadithi njoo". Tusipoitikia alijua tumelala, na usiku ule hadithi haikuwapo. Enzi za Redio Tanzania, taarifa ya habari ilitanguliwa na ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, yule msanii asiyeona aliyepiga ngoma nyingi peke yake. Pigo la kwanza tu, na uwanja mzima wa mwenye redio ulinyamaza, hata watu waliokuwa wakigombana.

Nakumbuka pia gari la sinema lilipofika shuleni kwetu miaka ya mwanzo ya Uhuru. Shuka jeupe likatundikwa, mashine ikanguruma, na tarakimu zikaanza kupita kwenye mwanga. Tulizishangilia tukidhani ndiyo sinema yenyewe. Filamu iliyofuata ilihusu uchimbaji wa vyoo, nasi tukaona afadhali zile tarakimu.

Lakini mwanzo ulionigharimu ni wangu mwenyewe. Mwaka 1958 nilipelekwa kuandikishwa darasa la kwanza. Cheti cha kuzaliwa hakikuwapo. Kipimo kilikuwa kupitisha mkono juu ya kichwa na kugusa sikio la upande wa pili. Nilikuwa na mikono mirefu, nikalishika sikio lote. Mwalimu akanitazama, akahesabu kurudi nyuma, akaandika 1948.

Mama alihesabu kwa njia nyingine. Ndugu yake alikuwa kibarua Kongwa, katika ule mradi wa karanga ambao Waingereza waliuanzisha mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951 baada ya kupoteza fedha nyingi mno. Mradi ulipokufa, mjomba alirudi Ihanja na blanketi la kijivu, akanikuta nina siku mbili. Nilifungwa katika blanketi hilo. Basi nilizaliwa mwaka 1951, na kushindwa kwa mradi wa serikali ya kikoloni ndiko cheti changu. Nilipolieleza jambo hili katika ofisi moja, karani alinijibu kwa adabu kwamba blanketi halina muhuri. Sikumlaumu sana. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu kuamini kilichoandikwa.

Mwaka 2008 nikatimiza miaka sitini ya karatasi, nikastaafu, wakati kitindamimba wangu bado anadaiwa ada ya sekondari. Miaka mitatu ya mshahara si kitu cha kuchekea. Katika hafla ya kuniaga zilisomwa risala ndefu, zote zikianza na ile tarehe ya daftari. Mama alikuwa amekaa mbele, mkongwe lakini masikio mazima. Alipotafsiriwa risala ya tatu aliinua mkono, akauliza kwa Kinyaturu, watu wote wakisikia, kwa nini wanamstaafisha mtoto kabla ya wakati wake.

Watu walicheka. Mimi nilitazama chini.

Mama sasa ni marehemu, na blanketi liliisha zamani. Kwenye fomu naendelea kuandika 1948. Wajukuu wakiniuliza jioni, naanzia Kongwa, lakini kwanza nangoja waitikie.