Lady wa Mume, Dame wa Kalamu

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuchambua majina ya wahusika, lakini majina ya waandishi wenyewe tunayapita tu. Hebu tumwangalie Agatha Christie, bingwa wa riwaya za upelelezi. Mwaka 1968 mumewe, Max Mallowan, mtaalamu wa mambo ya kale, alipewa cheo cha Sir. Papo hapo Christie akawa Lady Mallowan. Cheo hicho hakukipata kwa kalamu. Alikipata kwa ndoa. Mwaka 1971 ndipo alipopewa cha kwake mwenyewe, akawa Dame Agatha.

U-Dame huo ulitoka wapi? Mwaka 1917, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imepamba moto, Mfalme George V alianzisha Nishani ya Himaya ya Uingereza. Wanawake walikuwa wakiuguza majeruhi na kuunda mabomu viwandani, nao ilibidi washukuriwe. Basi daraja za juu za nishani hiyo zikawapa wanaume cheo cha Sir na wanawake cha Dame. Nishani nyingine zilijikokota: ile ya Bath haikuwafungulia wanawake mlango hadi 1971.

Je, usawa ulipatikana? Nadhani nusu tu. Mke wa Sir huitwa Lady, lakini mume wa Dame hapati kitu, hubaki Bwana Fulani vilevile. Heshima ya mume humfikia mke. Ya mke huishia kwake. Eti mwanamume hawezi kung'aa kwa taa ya mkewe!

Doris Lessing aliona kasoro nyingine. Mwandishi huyu alikulia Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, na aliupinga ubaguzi wa rangi wa huko. Mwaka 1992 aliukataa u-Dame kwa hoja fupi: himaya yenyewe haipo tena. Lakini mwishoni mwa 1999 alikubali nishani ya Companion of Honour, ambayo haiitaji himaya wala haiongezi neno mbele ya jina.

Wapo watakaomwita kigeugeu. Mimi siafiki. Lessing alikisoma cheo kama tunavyosoma shairi, neno kwa neno, mpaka la mwisho. Dame ilimtoa mwanamke kwenye jina la bwana wa nyumbani, kisha ikamwandika kwenye jina la bwana mkubwa zaidi: Himaya.