Shule Zilipofungwa na Zilipofunguliwa



Mhariri alinitaka niandike historia. Habari za wamisheni wa Kiadventista waliofika Upare mwaka 1903, na za misheni ya Suji iliyoanzishwa miaka michache baadaye, zimekwisha kuandikwa na watu wenye ujuzi kunishinda. Mimi nimechagua historia ya juzijuzi, ambayo wengi hudhani haijapevuka hata iandikwe: jinsi Serikali ilivyojaribu kuzilinda shule wakati wa ugonjwa wa korona. Nadhani tukiiacha itapotea, kwa maana yale yaliyotendwa katika mafua makubwa ya mwaka 1918, nchi ilipokuwa chini ya utawala wa Waingereza, wazee wetu walituachia kwa masimulizi tu.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Kesho yake Waziri Mkuu, Ndugu Kassim Majaliwa, akatangaza kuzifunga shule zote kuanzia za awali hadi Kidato cha Sita kwa siku 30, na vyuo vikafuata mara moja. Mwezi Aprili muda huo ukaongezwa bila kutajwa mwisho wake. Amri ilikuja upesi, na hilo ni la kusifiwa. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba kufunga shule ya bweni ni jambo lingine kabisa na kufunga shule ya kutwa. Mwanafunzi wa kutwa huambiwa asije. Wa bweni hana budi kusafirishwa, na mabasi yetu hayajui nafasi ya mita moja. Kwa shule za milimani kama Suji, watoto walipaswa kushuka na matranka yao hadi Makanya, kisha kutawanyika kila upande katika barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha. Hatari iliyokuwa ikikimbiwa darasani iliweza kabisa kuwangoja kituoni.

Waliobanwa zaidi ni Kidato cha Sita, ambao mtihani wao ulikuwa uanze tarehe 4 Mei. Fikirini kijana aliyesoma miaka sita baada ya shule ya msingi, zimebaki wiki saba tu, naye yuko nyumbani akipalilia maharage ya mama yake. Taasisi ya Elimu ilitayarisha vipindi vya redio na televisheni, na nia ilikuwa njema. Lakini sisi tuliolelewa katika makorongo ya Upare tunajua kwamba redio hushika na kuachia kwa kufuata mabonde, na kwamba betri ni pesa.

Hatimaye Rais Magufuli aliamuru Kidato cha Sita na vyuo vifunguliwe tarehe 1 Juni, na shule zote nyingine tarehe 29 Juni. Siku hiyohiyo ya 29 Kidato cha Sita walianza mtihani wao. Kwa hesabu, shule zetu zilifungwa siku 104. Majirani zetu wa Kenya walianza kuyarudisha madarasa machache mwezi Oktoba, na shule zote zikafunguliwa Januari 2021. Uganda, ukiacha vipindi vya kufungua nusunusu, haikufungua kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022. Mimi naona kwamba kwa kurudisha watoto mapema nchi yetu iliwaokolea mwaka mzima wa masomo, na mabinti zaidi kuliko wavulana, maana binti akikaa nyumbani mno huanza kuhesabiwa kuwa mtu mzima.

Sifa hiyo lakini haiwezi kuandikwa peke yake. Tangu mwanzo wa Mei 2020 takwimu za ugonjwa zilikoma kutolewa, hesabu ya mwisho ikiwa wagonjwa 509 na vifo 21. Mwalimu mkuu aliambiwa apokee wanafunzi, ahimize maji na sabuni, azuie msongamano. Lakini hakuambiwa ugonjwa uko wapi wala unapanda au unashuka. Azuieje msongamano bwenini? Tuliolala vitanda vya juu na chini, tukapanga foleni moja ya ugali na kusimama bega kwa bega kwenye paredi, tunajua jibu. Vibuyu chirizi vilifungwa milangoni, na huo ndio ulinzi uliowezekana kwa fedha iliyokuwapo.

Sera ya kushughulikia msongamano wenyewe ilikuja baadaye, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan. Mwaka 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliikopesha nchi dola milioni 567.25, yaani kiasi cha shilingi trilioni 1.3. Katika fungu hilo yalijengwa madarasa 15,000 kwa miezi michache: 12,000 ya sekondari na 3,000 katika shule shikizi. Haja ilikuwa kubwa kuliko korona, kwani tangu ada ifutwe mwaka 2016 shule zilikuwa zimefurika. Korona ilikuwa mlango tu uliopitisha fedha.

Kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20, na kiwango kilikuwa kimoja kote. Hapo mtumishi yeyote aliyewahi kukagua ujenzi hana budi kuguna. Saruji dukani Same mjini si saruji ile ile ikiisha panda mlima kwa gari lililokubali kupanda. Ujenzi ulisimamiwa na shule na kamati za wananchi, kwa mafundi wa mahali penyewe. Na milimani pengo la namna hiyo huzibwa kwa mawe, mchanga na mabega ya watu. Wapare tunaliita jambo hilo msaragambo, na lilikuwako kabla ya wizara yoyote. Halimo katika hesabu za mkopo.

Januari 2022 wanafunzi waliofaulu waliingia Kidato cha Kwanza kwa pamoja, bila wengine kungoja chaguo la pili. Novemba 2025 wenzao hao, walioanza katika madarasa yaliyojengwa kwa ajili ya maradhi, walikaa kufanya mtihani wa Kidato cha Nne.