Vipuri vya kompyuta ya michezo: Kuingia si kufanya kazi

KIPURI cha kompyuta kinaweza kuingia vizuri katika nafasi yake, kikafungwa skrubu zote, na bado kompyuta isiwake. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo kila anayekusudia kuunda kompyuta yake ya michezo, kwa vipuri vya kununua kimoja kimoja, hana budi kulielewa kabla ya kutoa fedha.

Kompyuta iliyounganishwa kiwandani huwa imekwisha kujaribiwa. Anayeiunda mwenyewe hupata mashine inayolingana na haja na mfuko wake, lakini hubeba mwenyewe kazi ya kuhakikisha vipuri vinaelewana. Kwa mnunuzi wa Dar es Salaam au Nairobi anayechanganya vipuri vipya na vilivyotumika, tena katika duka lenye tangazo kuwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi, kosa moja laweza kumeza akiba ya miezi kadhaa.

Pa kuanzia ni prosesa na bodi mama, ambayo mafundi wengi huiita mazabodi. Prosesa hukaa katika soketi, na wanunuzi wengi huridhika wakiona jina la soketi linafanana. Mfano wa soketi ya Intel iitwayo LGA 1151 unaonyesha hatari ya kuishia hapo. Soketi hiyo ilitoka mwaka 2015 pamoja na prosesa za Core za kizazi cha sita. Mwaka 2017 zikaja za kizazi cha nane, nazo zikatumia soketi yenye jina lile lile na idadi ile ile ya pini, lakini Intel ilizitengenezea bodi mpya. Core i5-8400 ikiwekwa kwenye bodi ya B250 itaingia bila kulazimishwa, kifuniko kitafunga, na skrini itabaki nyeusi.

Kwa hiyo, pamoja na soketi, ni lazima kutazama chipseti ya bodi, na baada ya hapo toleo la BIOS, yaani programu ndogo inayoiamsha kompyuta. Bodi za B450 za soketi ya AM4 ya kampuni ya AMD zilitoka mwaka 2018, na prosesa za Ryzen 5000 zikatoka Novemba 2020. Vitu hivi viwili hukubaliana, ila kwa sharti kwamba BIOS iwe imesasishwa. Bodi iliyokaa stoo tangu 2019 haitaitambua prosesa hiyo, na mnunuzi atadhani ameuziwa kitu kibovu. Muuzaji aulizwe mapema, au bodi isasishwe kwanza kwa kutumia prosesa ya zamani. Baadhi ya bodi zina kitufe cha kusasisha kwa diski ya USB hata bila prosesa kuwepo. Orodha ya prosesa zinazokubalika hupatikana katika tovuti ya mtengenezaji wa bodi, na hiyo ndiyo ya kuaminiwa kuliko neno la muuzaji.

Kwa upande wa RAM, DDR4 haiingii katika nafasi ya DDR5, kwa kuwa pengo lake limekatwa mahali pengine. Soketi ya AM5, iliyotoka 2022, hupokea DDR5 tu. Soketi ya LGA 1700 ina bodi za DDR4 na bodi za DDR5, hivyo jina la prosesa peke yake halimwambii mnunuzi anunue RAM ipi. Vipande viwili vya GB 8 kwa kawaida huipa michezo kasi kuliko kipande kimoja cha GB 16. Aidha, RAM iliyoandikwa 3200 mara nyingi huanza kwa kasi ya chini hadi mwenyewe aingie katika BIOS na kuwasha mpangilio wa kasi, jambo ambalo wengi hawaambiwi.

Kadi ya grafiki ndiyo hula sehemu kubwa ya bajeti, lakini soketi yake haina matatizo mengi, kwani kadi mpya hufanya kazi hata katika bodi ya zamani, pengine kwa kasi iliyopungua. Matatizo yake ni urefu na umeme. Kadi nyingi kubwa huzidi milimita 300, na si kila kasha lina nafasi hiyo.

Katika umeme ndipo penye hasara kubwa. Nafasi ya kadi katika bodi hutoa wati 75 tu. Plagi ya pini sita huongeza wati 75, na ya pini nane wati 150. RTX 3060 ya Nvidia hutumia wati 170, na mtengenezaji hupendekeza pawasaplai ya wati 550 kwa kompyuta nzima. Hapa ndipo wanapokwama wanaonunua kompyuta za ofisini zilizotumika kwa nia ya kuzigeuza za michezo. Nyingi zina pawasaplai ndogo isiyo na plagi ya kadi, na baadhi zina plagi za bodi zisizo za kawaida, hivyo pawasaplai ya dukani haiwezi kuwekwa moja kwa moja. Kwa mashine hizo, kadi isiyohitaji plagi, kama matoleo kadhaa ya GTX 1650 ya mwaka 2019, ndiyo chaguo la busara. Kasha likiwa jembamba, itafutwe kadi fupi ya kimo.

Mambo mawili zaidi kuhusu pawasaplai. Zile zenye nyaya za kuchomoa hazina mpangilio mmoja wa pini upande wa pawasaplai, na waya wa moja ukichomekwa katika nyingine waweza kuunguza diski papo hapo hata kama plagi imeingia vizuri. Pili, pawasaplai za bei nafuu huwa na swichi ya volti 115 na 230 kwa nyuma. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya ni 240. Swichi ikiachwa kwenye 115, pawasaplai hulipuka mara tu inapowashwa.

Diski za M.2 nazo hufanana kwa umbo huku zingine zikiwa za SATA na zingine za NVMe, na si kila nafasi hupokea zote mbili. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni hazina grafiki yake zenyewe, hivyo bila kadi hazitoi picha. Kadi ikiwepo, waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi, si kwenye bodi.

Limebaki suala la Windows. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane kwenda juu isipokuwa chache. Bodi ya B250, iliyokwisha kutajwa, haipokei kizazi hicho, na ndiyo maana inauzwa kwa bei rahisi.