Chai, kahawa na chakula wakati wa ujauzito: mwongozo kwa mama wa Masasi na Newala

Kwa wengi wetu siku haijaanza mpaka chai inywewe. Hata mlo wa asubuhi tunauita chai: mtu akikuuliza "umekunywa chai?" anataka kujua kama umekula. Kwa hiyo mjamzito akiambiwa kliniki apunguze chai, huweza kurudi nyumbani na maswali mengi. Je, niache kabisa? Asubuhi nile nini? Mbona mama yangu alikunywa chai mimba zake zote na watoto wakazaliwa salama?

Makala haya yanajibu maswali hayo, na yanaeleza jinsi ya kupanga chakula kinachopatikana Masasi, Newala na vijiji vya nyanda za juu za Makonde ili kiongeze damu yako na kumjenga mtoto.

Kwa ufupi

- Huna haja ya kuacha chai. Vikombe viwili vya kawaida kwa siku, visivyo vizito sana, havina shida kwa wajawazito wengi.
- Saa unayokunywa chai ina uzito sawa na idadi ya vikombe. Usinywe chai wala kahawa pamoja na mlo wa mboga na maharage, wala pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Acha nafasi ya saa moja hadi mbili.
- Vinywaji vya kuongeza nguvu na pombe ya aina yoyote, viache.

Kafeini ni nini, na inafanya nini?

Kafeini ni kitu kinachochangamsha mwili. Imo kwenye majani ya chai, kahawa, soda za kola, vinywaji vya kuongeza nguvu na chokoleti. Ukinywa, hupita kwenye damu yako na kuvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Mwili wa mtoto aliye tumboni bado hauwezi kuivunja kafeini. Mwili wako nao huiondoa polepole zaidi kadiri mimba inavyokua: kwa mtu mzima asiye mjamzito nusu ya kafeini hutoka kwa saa tano hivi, lakini miezi ya mwisho ya ujauzito huweza kuchukua zaidi ya saa kumi. Kikombe cha jioni bado kimo mwilini asubuhi.

Kafeini nyingi kila siku imehusishwa na kuharibika kwa mimba na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito anayetumia zaidi ya miligramu 300 kwa siku apunguze. Nchi nyingi zimeweka kikomo cha chini zaidi, miligramu 200 kwa siku, na ndicho tunachokushauri ukifuate.

Miligramu hizo ni vikombe vingapi? Kiasi hutegemea uzito wa chai au kahawa, lakini makadirio ni haya:

- Chai ya majani, kikombe kimoja: miligramu 30 hadi 50. Chai ya maziwa na chai ya rangi hazitofautiani sana, kwa sababu kafeini inatoka kwenye majani.
- Kahawa ya unga inayoyeyuka, kikombe kimoja: 60 hadi 80.
- Kahawa ya kuchemsha, kikombe kikubwa: 100 au zaidi.
- Soda ya kola, chupa moja: 30 hadi 35.
- Kinywaji cha kuongeza nguvu, kopo dogo la mililita 250: karibu 80. Makopo makubwa huwa na mara mbili yake.

Angalia pia dawa. Baadhi ya dawa za maumivu zinazouzwa dukani zina kafeini, na nyingine zina aspirini, ambayo mjamzito hapaswi kuitumia bila kuandikiwa. Kichwa kikikuuma, muulize mhudumu wa afya kabla ya kununua.

Sababu kubwa zaidi ya kupanga saa ya chai: damu

Wengi wetu huku hatunywi kahawa nyingi. Mama anayekunywa chai vikombe viwili kwa siku yuko mbali na kikomo cha kafeini. Lakini chai ina jambo jingine linalotugusa zaidi. Majani ya chai yana kitu kikavu kinachokaza ulimi, kiitwacho tanini. Tanini hukamata madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharage, na mwili ukashindwa kuyachukua. Ukila kisamvu na kunde, kisha ukashushia na chai, sehemu kubwa ya madini uliyokula inatoka bure. Kahawa hufanya vivyo hivyo.

Madini ya chuma ndiyo yanayotengeneza damu. Wakati wa ujauzito mwili unahitaji damu zaidi, kwa ajili yako na ya mtoto. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta wajawazito 57 katika kila 100 waliopimwa nchini wana upungufu wa damu. Mama mwenye damu kidogo huchoka, huishiwa pumzi, na mtoto wake huweza kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo. Hatari kubwa huja siku ya kujifungua. Kila mama hupoteza damu akijifungua. Mwenye damu ya kutosha huhimili. Aliyekwenda leba na damu kidogo huweza kupoteza maisha kwa kiasi ambacho mwenzake angekivumilia.

Kwa hiyo panga hivi. Asubuhi, kama chakula chako ni muhogo wa kuchemsha au viazi vitamu, kunywa chai yako hapo. Vyakula hivyo vina madini ya chuma kidogo, hivyo chai haikupotezei mengi. Mlo wa mchana na wa jioni, wenye mboga na kunde, ule na maji. Ukitamani kitu cha moto jioni, chemsha mchaichai au tangawizi kidogo bila majani ya chai, havina kafeini.

Vidonge vya kuongeza damu

Kliniki utapewa vidonge vyenye madini ya chuma na foliki asidi. Meza kimoja kila siku, hata kama unajisikia mzima. Njia rahisi ni kumeza usiku kabla ya kulala, kwa maji, mbali na chai na maziwa. Ukila chungwa, embe au ukanywa maji ya limau pamoja nacho, mwili unachukua madini vizuri zaidi.

Choo kitakuwa cheusi. Hilo ni la kawaida, wala si dalili kwamba dawa inakudhuru. Wengine hupata kichefuchefu au choo kigumu. Kunywa maji zaidi, kula matunda na mboga, na mweleze mkunga badala ya kuacha kimya kimya. Vihifadhi vidonge mahali watoto hawafiki, kwani mtoto mdogo akivila vingi anaweza kufa.

Madini peke yake hayatoshi pale damu inapoliwa na kitu kingine. Malaria na minyoo hupunguza damu sana. Lala kwenye chandarua chenye dawa kila siku, meza dawa ya kuzuia malaria mbele ya mhudumu kliniki kama unavyopangiwa, na ulizia dawa ya minyoo baada ya miezi mitatu ya kwanza.

Chakula chetu kinachoongeza damu na kujenga mtoto

Huhitaji chakula cha dukani. Vilivyopo shambani na sokoni vinatosha vikichanganywa:

Kunde, mbaazi, choroko na njugu mawe. Hizi zina madini ya chuma, protini na foliki asidi. Zikiloweshwa usiku kucha na maji yakamwagwa, huiva haraka na mwili hupata madini zaidi.

Kisamvu, majani ya kunde, matembele, majani ya maboga na mchicha. Kula kila siku. Kisamvu kitwangwe vizuri na kichemshwe muda mrefu bila kufunika, ili sumu ya asili iliyomo kwenye majani ya muhogo itoke.

Dagaa, samaki, kuku na nyama. Chuma cha nyama huchukuliwa na mwili kwa urahisi kuliko cha mboga, tena kipande kidogo kwenye sufuria ya kunde husaidia kuchukua chuma cha kunde pia. Kwa wanaokula panya wa shambani, ni nyama kama nyingine. Muhimu iive kabisa. Ini lina chuma kingi, lakini lisizidi mara moja kwa wiki kwa sababu ya wingi wa vitamini A.

Mayai. Huenda umeambiwa kuwa mjamzito akila mayai mtoto atazaliwa bila nywele, au uchungu utakuwa mgumu. Si kweli. Yai ni protini nzuri na mara nyingi liko hapo hapo bandani. Lichemshe mpaka ligande.

Korosho, karanga na ufuta. Korosho tunazilima, lakini nyingi zinakwenda ghalani na kuuzwa. Weka kando kidogo za mjamzito: zikitwangwa na kuungwa kwenye kisamvu zinaongeza mafuta, protini na madini. Karanga zenye ukungu, rangi ya ajabu au uchungu zitupwe, maana zina sumukuvu, na kupika hakuiondoi.

Mabibo. Msimu wa korosho ukifika, mabibo huoza chini ya miti wakati yana vitamini C nyingi kuliko machungwa. Vitamini C ndiyo inayosaidia mwili kuchukua chuma cha mboga. Yaoshe, ule mabichi na mlo wako, au kamua unywe papo hapo. Maji ya mabibo yakikaa yanachacha na kuwa uraka, na uraka ni pombe kama pombe nyingine. Gongo ni hatari zaidi. Hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni.

Muhogo mchungu

Muhogo hushibisha na hustahimili ukame, lakini muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri una sumu. Mkoa wa Mtwara ni kati ya maeneo ya Tanzania yaliyowahi kupata wagonjwa wa konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ambao haurudi nyuma. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, hasa miaka ya njaa, watu wanapofupisha siku za kulowesha na kuanika.

Lowesha na anika muda kamili. Kama huna uhakika na unga, changanya na maji, utandaze mwembamba kwenye beseni au ungo, uache juani saa mbili au kivulini saa tano, kisha usonge ugali siku hiyo hiyo. Na usile ugali wa muhogo na chumvi tu: protini ya kunde na dagaa inausaidia mwili kuondoa sumu iliyobaki.

Ukitamani kula udongo

Hamu ya pemba au udongo wa kichuguu ni ya kawaida na si jambo la aibu, lakini mara nyingi ni ishara kwamba damu imepungua. Udongo huzuia mwili kuchukua chuma na huweza kuleta mayai ya minyoo, hivyo tatizo linaongezeka. Mwambie mkunga akupime damu.

Kwa mume, mama mkwe na walezi wengine

Wengine humwambia mjamzito apunguze kula ili mtoto asiwe mkubwa akashindwa kutoka. Kula kidogo hakurahisishi kujifungua. Kunamdhoofisha mama na mtoto. Anahitaji mlo mdogo wa ziada kila siku, na sehemu yake ya nyama au dagaa isitolewe mwisho baada ya wengine wote kumaliza.

Maji nayo ni kazi. Kwenye nyanda za Makonde mchanga unayameza maji, na vijiji vingi hutegemea maji ya mvua au kushuka mabondeni. Mjamzito asiachiwe kupandisha ndoo peke yake. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na matunda yaoshwe kwa maji safi.

Nenda kituo cha afya bila kusubiri ukiona

- viganja, midomo au ndani ya kope vimekuwa vyeupe, moyo unakwenda mbio, au unaishiwa pumzi ukitembea kidogo;
- damu inatoka ukeni, hata kidogo;
- kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, au uso na mikono vimevimba;
- homa, kutapika kusikokoma, au mtoto amepunguza kucheza.

Anza zahanati au kituo kilicho karibu. Wao watakupa rufaa ya kwenda hospitali, kama Mkomaindo au Ndanda, ikihitajika. Anza kliniki mapema, kabla ya wiki ya 12, na uombe kila mara uambiwe wingi wa damu yako. Kwa mjamzito, gramu 11 au zaidi ni nzuri. Chini ya hapo unahitaji kufuatiliwa, na chini ya 7 ni dharura. Ikiandikwa kwenye kadi, isome na uikumbuke, maana namba hiyo ndiyo itakayoulizwa siku ya kujifungua.

Makala haya ni ya kuelimisha. Hayachukui nafasi ya ushauri wa mkunga au daktari anayekuhudumia.