Kinundu kwenye pafu: kusubiri ukipimwa, au kupasuliwa?

Mtu amekwenda hospitali Karatu kwa kikohozi kisichoisha, au ameanguka na pikipiki, akapigwa picha ya kifua. Daktari anamwambia: kuna kinundu kwenye pafu, na kinatia shaka. Nyumbani kila mtu ana neno lake. Mmoja anataka kitolewe kesho, mwingine anasema kisu kikigusa saratani inasambaa. Msikilizaji, makala hii inaeleza jinsi uamuzi huo unavyofikiwa.

Kinundu ni nini?

Ni doa la mviringo ndani ya pafu lenye upana usiozidi milimita 30, yaani sentimita 3. Vinundu vingi si saratani. Huku kwetu, kovu la kifua kikuu (TB) cha zamani ni sababu ya kawaida. Kwa wafugaji wa Ngorongoro ipo nyingine: mfuko wa maji unaotokana na minyoo tegu wa mbwa. Mayai yake huingia mwilini kwa mikono, maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha mbwa. Mwambie daktari kama unaishi na mbwa na mifugo, kwa sababu mfuko huo ukitobolewa kwa sindano bila tahadhari unaweza kuleta mshtuko wa mwili unaoua.

Kwa hiyo eksirei peke yake haitoshi. Makohozi hupimwa TB, na katika vituo vya serikali vipimo na dawa za TB ni bure. Baadaye huja kipimo cha CT, kinachoonyesha pafu vipande vipande. Kipimo hicho kipo Hospitali ya FAME hapo Karatu na KCMC Moshi.

Daktari anaangalia nini?

Kwanza ukubwa. Kinundu kigumu kisichofika milimita 6 mara nyingi hakihitaji kufuatiliwa, ila kwa mvutaji sigara daktari anaweza kutaka picha nyingine baada ya mwaka. Cha milimita 6 hadi 8 hupigwa picha tena baada ya miezi 6 hadi 12. Kikizidi 8, picha hurudiwa baada ya miezi 3, au huchukuliwa kinyama kwenda maabara, au kinatolewa.

Pia huangaliwa umri, uvutaji wa tumbaku, saratani ya zamani, na kingo za kinundu: zenye miiba hutia shaka kuliko zilizo laini.

Kubwa kuliko yote ni kama kinakua. Kinundu kikitoka milimita 8 kufika 10, kwa macho ni tofauti ndogo, lakini ujazo wake umekuwa karibu mara mbili. Ndiyo maana picha ya zamani ni mali. Itunze, uende nayo kila safari.

Kusubiri si kupuuza

Kusubiri maana yake ni kurudi siku iliyopangwa. Kinundu kigumu kikikaa miaka 2 bila kukua, kwa kawaida si saratani, na mgonjwa ameepuka kupasuliwa bure. Lakini atakayekosa tarehe kwa sababu ng'ombe wamehamia malisho mengine, au nauli kutoka Endulen hadi Karatu imekosekana, hasubiri tena. Amekiachia kinundu nafasi. Kama unajua hutaweza kurudi, sema mapema. Hilo nalo ni sehemu ya uamuzi.

Upasuaji una faida gani?

Saratani ya pafu ikikutwa ndogo na haijasambaa, kuitoa kunaweza kuiponya kabisa. Daktari bingwa huondoa kipande cha pafu au sehemu moja kati ya tano za mapafu. Hatari zipo: kutoka damu, maambukizi, hewa kuvuja. Kwa hiyo nguvu ya mapafu na moyo hupimwa kwanza. Mtu anayehema kwa kupanda kilima kidogo huenda akashauriwa njia nyingine, kama mionzi.

Kisu hakisambazi saratani. Hofu hiyo imetokana na wengi kufika hospitali ugonjwa ukiwa tayari umesambaa.

Maswali ya kumuuliza daktari

- Kinundu kina milimita ngapi, na kingo zake zikoje?
- TB na mfuko wa maji vimeondolewa kwenye orodha?
- Nikisubiri, nirudi tarehe gani?
- Nikipasuliwa, ni hospitali gani, gharama ni kiasi gani, na bima yangu inalipa nini?

Nenda na ndugu wa kukusaidia kusikiliza. Ukikohoa damu, ukipungua uzito, au kifua kikibana, usingoje tarehe uliyopewa. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na kama unavuta sigara, acha leo: kinundu kiwe saratani au kisiwe, mapafu yatakushukuru.